Mpaka Uone Weupe

Tangu ukungu wa mizabibu uanze kula watu, wakulima wa Hombolo walikuwa na sheria moja kwa shina na kwa mkono: kata chini ya weusi mpaka uone weupe. Asiyekatwa na wa nyumbani kwake, wakaguzi walimchoma pamoja na visiki.

Ndahani alilaza kidole chake cheusi mezani. Alikuwa amejikata akipogolea mizabibu kwenye mvua.

"Nilikwambia usubiri jua, Baba Lea. Ubishi wako umetuponza," alisema mkewe, Perisi, akiufuta msumeno kwa spiriti.

"Kata, mwanamke. Hakiumi, kimeshakufa."

Alikikata. Wakainama wote wawili kutazama. Katikati ya weupe palikuwa na nukta nyeusi.

Perisi aliufuta tena msumeno. Alianza kukunja mkono wa shati la mumewe, akapita kiwiko.