Duara la Shaba

Kwenye sanduku la marehemu mama yake, Zamda alikuta duara la shaba lenye skrubu ya kulikaza na kulilegeza. Hakujua la nini, akaona alitupe.

"Usitupe," alisema jirani yao, Mzee Shekue, aliyekaa barazani. "Hicho ni kipimo cha kichwa, cha kushonea kofia."

"Mama ashone kofia? Mbona baba alivaa za dukani maisha yake yote?"

Zamda alijaribu kuilegeza skrubu, lakini ilikuwa imeganda kwa kutu. Akaitazama kofia ya mzee, kuukuu, iliyotiwa viraka, ambayo hajawahi kumwona akiivua.

"Hebu nijaribu kwako, mzee."

Aliivua taratibu. Duara likamkaa sawasawa. Mzee akawa anaipapasa mishono ya kofia mapajani mwake.