Mabawa ya Baba Shani

Siku hizi mabawa hayafungwi tena kwenye pikipiki za mashindano. Yanapandikizwa mabegani mwa dereva, ili upepo umkandamize chini asipeperuke. Ndiyo maana nyumbani kwa Mwajabu joto lilivumiliwa miaka yote: feni ikiwashwa tu, mabawa ya mumewe Kitwana yanafunguka na kumbwaga sakafuni.

Juzi Kitwana alistaafu, akang'olewa mabawa. Mwajabu akawasha feni, roho kwatu.

"Mama Shani, hebu nikandamize mabega," Kitwana akaomba kutoka kitini.

"Unadeka, Baba Shani!" Akamkandamiza huku anacheka, hadi chapati ikaanza kuungua, akamwachia.

Nyuma yake kiti kikalia, kama kinavyolia mtu akiinuka. Alipogeuka, Kitwana alikuwa bado amekaa, ila hewani, shibiri moja juu ya kiti, ameng'ang'ania meza kwa mikono miwili.