Pumzi za Njeru

Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Kiganja cha Karambu kilikuwa juu ya kifua cha mumewe, na kifua hakikuinuka. Ishirini na tano. Akamtikisa kwa nguvu za mwanamke aliyezoea kusukuma ng'ombe mkaidi.

Njeru akavuta pumzi kwa kishindo. "Asante, Karambu," akasema. "Bila wewe ningekuwa kaburini." Akageukia ukutani.

Karambu alijua yeye angekuwa wapi. Angekuwa Kanyakine, kando ya kitanda cha mama yake, aliyeanguka shambani mwezi wa nane akavunjika nyonga. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi, na kaka yake Koome alikuwa bado anambembeleza kwenye simu: njoo siku mbili tu. Lakini siku mbili zina usiku wake, na Njeru hakutaka kulindwa na mtu mwingine. Isitoshe, hakupenda safari za siku mbili. Mke wake wa kwanza alichoshwa na kifafa chake, akaaga kwenda kwao siku mbili, na hajarudi mpaka leo.

Mashine ndiyo iliyoyaanza haya. Miaka mitatu iliyopita madaktari waliipachika chini ya ngozi ya kifua cha Njeru, wakapandisha waya hadi kwenye neva ya shingo. Kila dakika tano ilimgusa kwa umeme mdogo, na kile kifafa kilichokuwa kikimwangusha hata motoni kikatulia. Ila mchana umeme ule ulimkwaruza sauti akawa anawika kama jogoo mchanga, na usiku ulimkaba pumzi. Daktari akasema mkewe amwamshe kila pumzi ikikatika, huku wakitafuta njia nyingine.

Hapo Karambu akawa mfungwa, tena mfungwa wa kusifiwa. Gladys, mwenyekiti wa kina mama kanisani, alimsimamisha mbele ya watu. "Muoneni huyu! Anampumulia bwana yake!" Wakampigia makofi, wakamvisha leso. Sasa mwanamke aliyevishwa leso mbele ya kanisa zima atawezaje kupanda gari aende kwao, amwache mume afe? Karambu aliichukia ile leso.

Kuna usiku mmoja alipitiwa na usingizi mpaka jua likachomoza. Aliamka akipiga mayowe, mkono ukitafuta kifua. Njeru alikuwa jikoni, buheri wa afya, anachemsha chai. "Mungu ni mwema," akamwambia. "Lakini tusimjaribu tena."

Na Jumapili iliyopita Njeru aliimba besi, sauti imenyooka, kwaya nzima ikamfuata. Karambu hakusikia ubeti wa pili. Alikuwa amelala kwenye benchi, mdomo wazi, na kina mama wakamwonea huruma.

Jumatatu asubuhi Koome hakubembeleza. "Kuja leo, umpate bado anaongea," alisema, kisha akakata simu.

Karambu alilia mpaka akanyamaza mwenyewe. Njeru alikuwa ameenda kuchuma majani chai. Basi akatoka kijijini Kianjokoma bila kuaga, akashuka mpaka Embu mjini, kwenye kliniki ambayo mumewe alizoea kwenda peke yake kwa sababu lazima mtu abaki na ng'ombe. Alikuwa na ombi moja tu, na njia nzima alilirudiarudia asije akalikosea.

"Sista, nisaidie," alimwambia muuguzi Rahema. "Mama yangu anaenda. Mlazeni Njeru hapa siku mbili tu, mtu amwangalie akilala. Hiyo mashine inamnyonga. Hata jana usiku nimemwamsha mara tisa."

Rahema akafungua faili. Akasoma, akarudi ukurasa mmoja nyuma, akasoma tena. Kisha akayatazama macho ya Karambu, mekundu kwa kukesha.

"Mama, si hiyo mashine tuliizima mwezi wa tatu? Siku hizi dawa zinamtosha," akasema. "Na ni yeye alituambia wewe ndiye umeomba izimwe, ndio upate kulala."