Mate ya Kupimwa

Dokta wa utafiti alisogeza kichupa chenye kifuniko cha buluu mpaka mdomoni mwangu. Cha binti yangu Nuru kilikuwa kimeshajaa, povu likipasuka polepole.

"Mate tu, koko," alisema, akiniita bibi kwa heshima. "Tunachora ramani ya vile mutu anarithi mwili wa wazazi wake."

"Yanaenda wapi?"

"Ku labo, kule tunapimia."

"Mate yangu yasafiri, mimi nibaki?"

Nuru akacheka. "Mama, tema tu. Wewe hata kuku ya jirani unaishuku."

Sikucheka. "Alors, dokta, mukipima yangu na ya huyu, mutaona nini?"

"Nusu ya mwili wake tutaikuta kwako. Kwa mama na mutoto haikosekane."

Nuru nilimwokota wakati wa vita, kwenye barabara ya Bafwasende, kitovu chake bado kibichi. Sijamwambia mpaka leo.

"Koko?" Dokta alikuwa anangoja. Mdomo wangu ulikuwa umejaa mate.

Nilimvuta Nuru, nikafunua kitambaa chake cha kichwa, nikamtemea utosini, nikayapaka kwa kiganja mpaka kwenye paji la uso, kama tunavyobariki watoto wetu.

"Bon," nikamwambia dokta. "Yamekwisha."