Mpira Mgongoni

"Hivi Bi Mwanakombo, usiku nani anakukaba?" jirani aliwahi kumwuliza. Alikuwa akimsikia usiku: mkoromo unakatika ghafla, kisha anahema kama mtu aliyeopolewa majini.

Sasa wifi yake, Tatu, kaleta hirizi. "Jinamizi hilo. Ivae. Nimeshamzika kaka, na wewe nikuzike?"

Mwanakombo hakuinua macho. Alikuwa akishonea mpira wa matambara mgongoni mwa gauni la kulalia.

"Daktari kasema koo linaziba nikilala chali. Mpira utanilaza ubavu."

"Na hirizi?"

"Wifi, shingo hii naiinamisha kwa Mungu tu. Siifungi kamba."

Akakata uzi kwa meno, akalivaa gauni palepale, kibyongo kikatokeza. "Haya, cheka!"

Wifi akaifunga hirizi kwenye pindo la kanga yake, akatoka.