Korongo, Kobe na Msonobari

Bakhit alikitazama kikombe cha kahawa, akakirudisha sahanini bila kukionja.

"Mwalimu, nnakuheshimu," alisema jirani huyo, aliyewahi kuwa baharia. "Lakini vikombe hivi nimeviona kwao Ujapani. Hunywewa pombe ya mchele. Na hiyo chupa uliyotia marashi ndiyo chupa yake."

Mwalimu Harub alikigeuzageuza kikombe chake. Huko Unguja, kabla ya kuvuka bahari, aliwakaririsha watoto bandari zote za Ujapani kwa kiboko. Seti ile ya vikombe na chupa aliinunua sokoni Matrah mwaka huo wa 1970, kwa kupendezwa na picha zake za bahati njema. Muuzaji alipotaka kumweleza matumizi yake, alimjibu kwamba mtu wa elimu hafundishwi vikombe.

"Lete vile vya zamani," alimwambia mkewe.

"Vipi, Baba Suud?" aliuliza Mahbuba. "Si uliniamuru nivigawe? Ulisema vinatutia ushamba."

Mlango ukabishwa. Alikuwa Sheikh Amur, aliyeogopwa mji mzima kwa ucha Mungu wake. Aliwahi kuvunja posa kwa harufu ya tumbaku tu. Alikuja kutoa jibu: ama Suud, mwana wa pekee wa Harub, atamwoa Hind binti yake, ama hatamwoa. Bakhit aliaga akitazama chini, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Harub alimimina kahawa na, kwa hofu, akaanza kusomesha picha za vikombe. Korongo, alieleza, ni umri mrefu. Msonobari ni uthabiti, kwani haupukutiki. Na kobe huyu mwenye mkia mrefu ni subira.

"Si mkia," alisema Sheikh taratibu. "Ni mwani. Ameishi hata mwani umemwota mgongoni."

"Mashaallah. Sheikh ameyasoma wapi hayo?"

"Mtu husafiri, Mwalimu."

Punda hubebeshwa vitabu, Harub alijiambia. Mimi nimevishwa hata miwani.

Sheikh alimaliza kahawa, akakipindua kikombe, akakitazama kitakoni, akakiweka sawa. Nyuma ya pazia Mahbuba alikohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa.

Yalibaki marashi. Kwa desturi, mgeni hukinga viganja, hutiwa marashi, hutoa jibu lake, huondoka. Harub hakuwa na mrashi mwingine. Aliinyanyua ile chupa ya shingo nyembamba, na korongo wake wakawa kama wanaoruka.

"Sheikh, tafadhali."

Sheikh Amur aliutazama mlango, akalitazama pazia, kisha akajisogeza mkekani hadi magoti yao yakakaribiana.

"Hind ni wenu," alisema kwa sauti ndogo.

Hakukinga viganja. Alikinga kikombe.