Randa ya Vidole Vitatu

Makame alibakiza kulainisha mpini tu. Mwili wa randa alishauchonga kwa mpingo, na chini yake akapigilia bamba la shaba, akalisugua mpaka likang'aa. Mpini aliufanya mfupi, wa vidole vitatu, maana msumeno ulishakula viwili vya Hamdu, mwenzake wa karakana, na tangu siku ile hakuna randa iliyomkaa mkononi.

Kombo, kaka yake Hamdu, akasimama mlangoni.

"Fundi, nimekuja kuchukua viunza. Hamdu hatunaye. Tunazika alasiri."

Makame akatamka innalillahi. Akateremsha mbao za kufunikia maiti kaburini, akaubana ubao wa kwanza mezani, akainua randa mpya. Haikumkaa. Akakunja vidole viwili, ikatulia.

"Viunza havipigwi randa, fundi," Kombo akasema taratibu. "Vinaingia udongoni. Nani atavipapasa?"

"Yeye."

Kombo akakaa kitako kwenye kizingiti. Ubao wa kwanza ukalainika, Makame akashika wa pili. Maranda yakamfunika miguu. Vidole alivyovikunja vikafa ganzi, naye asivikunjue.